Mkanda wa Fundi Sikio

Mume wangu watu wanamwita Fundi Sikio, na jina hilo hakujipa. Alipewa na sisi washonaji, miaka ishirini na saba iliyopita, tulipoona anavyotengeneza mashine. Mafundi wengine wakifika hufungua kila kitu mpaka meza inajaa nati, halafu ndipo wanaanza kujikuna kichwa. Yeye huvuta kigoda, anakwambia ukanyage pedali, anaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mashine na mpini wake sikioni. Anatulia hivyo. Kisha anasema, "Sindano imepinda," au, "Huku nyuma hakuna mafuta," na ukifungua unakuta ni vile vile alivyosema. Mimi nilimpendea hapo. Nilijiambia, mwanamume anayejua kusikiliza namna hii ndiye wa kuoa mtu kama mimi.

Maana mimi, jamani, naongea. Sifichi. Nashona huku naongea, napiga pasi huku naongea, na hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutumiwa mjumbe. Majirani wa nyumba ya tatu wanajua nimegombana na nani leo na kwa nini. Mzee wangu miaka yote alikuwa ananijibu, moja kwa moja, hanipi nafasi, mpaka tunachoka wote wawili tunacheka.

Basi tangu mwaka jana hivi akawa hajibu. Namsema kaacha viatu mlangoni, kimya. Namsema kachukua mkasi wangu wa kitambaa kakatia waya, kimya, anaendelea na shughuli zake, uso umetulia kabisa. Nikampigia simu dada yangu kumwambia shemeji yake amekuwa mtu mzima hatimaye. "Amepoa," nikamwambia, "mpaka najiona nimeolewa upya." Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinaniudhi. Alikuwa anasema siku hizi nanong'ona. Mimi! Ninong'one mimi!

Sasa sikilizeni habari ya mota.

Mashine yangu ni ile kubwa ya kiwandani, imekaa chumba cha mbele kati ya meza ya kupigia pasi na kioo kirefu cha kupimia nguo. Zamani ilikuwa na mota ile ya kale inayonguruma kutwa nzima, unashona inanguruma, umekaa unakata nyuzi inanguruma. Mzee akaitoa akanifungia servo, mota ndogo ya kisasa ambayo haizunguki mpaka ukanyage pedali. Ukiondoa mguu inasimama, chumba kinatulia. Ilikuwa raha tupu. Halafu wiki ile mkanda wake ukachakaa, mzee akauvua akaweka mpya, na kesho yake tu mota ikaanza kulia. Mlio mwembamba, mkali, wa kukwaruza meno. Nikikanyaga kidogo inalia, nikikanyaga sana inapiga kelele kabisa.

Nilikuwa nakusudia kumweleza nikimaliza mkunjo wa gauni niliokuwa nao mkononi. Kabla sijamaliza simu yangu ikaita. Alikuwa msimamizi wa karakana ya sare, ile iliyo mtaa wa nyuma, yenye mashine nane. Mzee ndiye fundi wao.

"Dada, mzee yupo? Nampigia tangu asubuhi hapokei."

"Yupo, nitamwambia. Kuna nini?"

"Mashine zetu zinalia. Zote nane. Tangu abadilishe mikanda wiki hii." Akashusha sauti. "Dada, nakwambia kwa sababu namheshimu. Bosi amesema kesho asubuhi mzee asipozinyamazisha, analeta fundi mwingine. Na wasichana hapa wameshaanza kumcheka."

Nikakata simu. Ile karakana ndiyo kazi ya mzee. Mashine za watu mmoja mmoja huja na kupita, lakini zile nane ndizo zinazomwamsha asubuhi akavaa shati safi. Akifukuzwa pale, tena kwa kuchekwa, mtaa mzima ungejua kabla ya adhuhuri, na yule mtu asingeshika tena bisibisi. Namjua. Angekaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba akaanza kuzeeka.

Sikumwambia palepale. Nilijiambia, mashine yangu inalia mlio ule ule, imewekwa mkanda siku zile zile na mikono ile ile. Akiuona ugonjwa wa hii, dawa ya zile nane tunayo. Nikaenda uani nikamshika bega. "Mzee, njoo uangalie mota yangu, inalia." Akaja na kigoda chake, mwenyewe furaha. Hajawahi kuchoshwa na mashine mbovu hata siku moja.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Ikalia. Nikakunja uso.

"Mm," akasema. "Nimeisikia. Mbaya kweli."

Akaanza mpangilio wake. Kwanza akainama chini ya meza, mota inakoning'inia, akajaribu nati zinazoishikilia moja baada ya nyingine, pengine imelegea inagonga mbao. Zilikuwa zimekazwa. Akazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, taratibu, ameweka kiganja juu ya kichwa cha mashine. Ikazunguka laini bila kukwama. Akanyoosha uzi mrefu kutoka puli ya mota, kigurudumu kinachopitisha mkanda, mpaka puli ya juu kuona kama zimekaa mstari mmoja. Zimekaa. Nilikuwa namtazama, moyo umejaa, maana mtu huyu akiwa kazini anapendeza kuliko alivyopendeza siku ya harusi, na siku ya harusi suti ilikuwa ya kuazima.

Akauvua mkanda kabisa. "Sasa tuisikilize mota peke yake. Kanyaga."

Nikakanyaga. Mota ikazunguka bila mkanda, na lo, kimya! Uso wangu ukafunguka.

"Umeona?" akasema. "Imenyamaza. Mota nzima. Beringi zake hazijafa." Akashika bisibisi akaiweka sikioni kwa utaratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mpaka hapo sikushuku kitu. Akaurudisha mkanda, akakaza, akaniambia nikanyage, na mlio ukarudi pale pale. Nikakunja uso. "Imerudi," akasema. Akalegeza akakaza tena, nikakanyaga, na wakati nimekanyaga pini ikanidondoka nikainama kuiokota. Kichwa changu kiko chini ya meza, mota inapiga kelele karibu na pua yangu, kelele za kutoboa, nikamsikia mume wangu juu anasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika:

"Hapo sasa. Imenyamaza."

Nilibaki chini pale, mguu bado uko kwenye pedali, mota inalia, na mtu wangu anaisifu kwa kunyamaza.

Nikainuka. Hakuwa anatazama mota. Alikuwa anatazama uso wangu. Alipouona akabadilika haraka, "Aa, bado kidogo," akainamisha macho kwenye spana. Hapo ndipo nilipojua kwamba muda ule wote hakuwa akiisikiliza mashine. Alikuwa akinisoma mimi, nikikunja uso anasema inalia, nikikunjua anasema imepona.

Simu isiyopokelewa. Viatu mlangoni, kimya. Mkasi, kimya. Na mimi nimempigia dada yangu kujisifu kwamba mume amepoa! Upole gani? Alikuwa hanisikii. Mwaka mzima nimekuwa nikigombana na ukuta, najisikia nina ndoa nzuri.

Lakini sikutaka kuamini kwa kubahatisha. Nikazima swichi. Yeye kainama kwenye mkanda, nikasimama nyuma yake hatua mbili, nikasema kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Mzee, chai." Hakugeuka. "Mzee, nyumba inaungua." Akaendelea kufuta puli kwa kitambaa. Likanitoka neno jingine bila kulipanga, tena polepole: "Mzee, usiponisikia wewe, mimi nitaongea na nani?"

Akafuta puli upande wa pili.

Kisha akafanya kitu ambacho nimemwona akifanya mara elfu. Kila akiweka mkanda, huupiga kwa kidole, kama mtu anayejaribu waya wa gitaa, anatega sikio, anaukaza kidogo, anaupiga tena, mpaka anaposikia sauti anayoitaka. Hajawahi kupima kwa njia nyingine. Mimi mlio ule naujua vizuri, nimeusikia nikiwa jikoni, nimeusikia nikiwa na mimba, nimeusikia nikiwa nimenuna chumbani. Mzito, wa chini, *bum*. Siku ile akaupiga ukatoa *bum* yake vizuri kabisa. Akatega sikio. Akakunja uso. Akaikaza nati. Akaupiga, *bim*. Akaikaza. *Bin.* Akaikaza mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, akaupiga ukatoa *tin*, mkali kama glasi, ndipo akatabasamu. "Hapo," akasema peke yake. "Sasa umesema."

Jamani, nilishika meza. Nilikuwa nimeuona ugonjwa wote. Alikuwa anaukaza mkanda mpaka ausikie, na kwa masikio yale hawezi kuusikia mpaka uwe umekazwa kupita kiasi. Mkanda unaivuta mota kwa upande, beringi zinabanwa, mota inalia. Ukiuvua inapona. Mashine yangu ilikuwa hivyo, na zile nane za karakana zilikuwa hivyo, kila moja imekazwa kwa uaminifu na mtu aliyekuwa anasubiri sauti isiyomfikia. Na kesho bosi akimwambia zinalia, angezikaza zaidi.

Nikanyoosha dole gumba nikaubonyeza mkanda katikati. Haukubonyea hata kidogo. Nikaishika mota, ilikuwa ya moto.

"Umeukaza mno," nikasema.

"Nani?"

"Wewe! Umeukaza mno!" Nikaona nimepaza sauti, na hasira ikaja kunisaidia kama kawaida yake, maana bila hasira ningelia. "Husikii! Tangu lini husikii? Kutwa unanisoma uso kama gazeti! Ungeniambia lini, nikishakufa?"

Akaiweka spana mezani polepole. Nilitegemea abishe. Nilitaka abishe, tugombane tumalize. Badala yake akanyoosha kidole kwenye kioo cha kupimia nguo, kile kirefu, kilichokuwa mbele yake muda wote ule.

"Usinijaribu kama mtoto," akasema. "Nilikuona. Umesimama nyuma yangu unachezesha midomo. La kwanza chai. La pili nyumba inaungua. La tatu sikulipata, uliinamisha kichwa."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Ulisema nini la tatu?"

"Sikusema kitu. Niambie tangu lini."

Akakaa kwenye kigoda. Mikono yake ikawa haina kazi, na mikono ile haijazoea. "Ilianza kwa simu," akasema. "Kisha ndege wa asubuhi. Nikasema wamehama. Kisha mashine zikawa nzuri, mke wangu, kila mashine ninayoshika nzuri, haina kelele. Nikajua si mashine." Akacheka kidogo bila furaha. "Watu wananiita Sikio. Ulitaka nitoke barabarani niwaambie nini?"

"Barabarani sijui. Mimi ungeniambia."

"Wewe ungenihurumia. Mtu amenigombeza miaka ishirini na saba, leo aanze kunihurumia? Bora niwe kiziwi peke yangu."

"Thubutu!" nikamwambia. "Nikuhurumie wewe, uliyenikatia waya kwa mkasi wangu?" Akacheka kweli sasa, alikuwa ananitazama midomo, akalipata lote. Na mimi nikacheka, machozi yananitoka, sikuyafuta.

Ndipo nikamwambia habari ya karakana, yote, bila kuipunguza: mashine nane, fundi mwingine, na wasichana wanaocheka. Nilipofika kwenye kuchekwa nilitaka kumeza maneno, lakini nikaona kumficha ni kumfanya mtoto, naye alishasema asifanywe mtoto. Akasikiliza, maana yake akanitazama, mpaka mwisho.

"Nimeziua?" akauliza.

"Bado. Yangu uliivua mkanda ikapona, mwenyewe umesema beringi hazijafa."

"Nilisema kwa uso wako."

"Basi uso wangu haudanganyi. Inuka."

Tukajifunza upya jioni ile, jua bado liko dirishani. Alilegeza nati, akaipandisha mota kidogo, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba. Nikakanyaga. Ikalia, kidogo. Akaipandisha tena, akabonyeza, mkanda ukaingia ndani kiasi cha kucha. Nikakanyaga, kimya. Akauliza, "Vipi?" akageuka kunitazama, nikajifunika uso kwa gauni la mteja.

"Aa! Sasa nitajuaje?"

"Una mikono," nikamwambia nikiwa ndani ya gauni, kisha nikakumbuka hanioni midomo, nikatoa kichwa nikarudia. "Una mikono!"

Akaiwekea mota kiganja. Nikakanyaga ikiwa imekazwa vibaya, nikakanyaga ikiwa imelegezwa vizuri, mara kumi, mara ishirini, yeye amefumba macho. Ilipolia alikuwa anausikia mtetemo mdogo mdogo unaomtekenya vidole. Ilipopona ilikuwa laini. Mwanzoni alikosea. Nikamgombeza. Akakosea tena, nikamgombeza zaidi, akanijibu, na majirani wa nyumba ya tatu bila shaka walipumua kwamba mambo yetu yamekuwa sawa.

Asubuhi akavaa shati safi. Nilidhani atasema anaumwa. Hapana, akachukua kigoda na kisanduku cha spana, akaniambia, "Twende." Njiani hakusema neno, na mimi nikajikaza nisiseme, nikafika nimechoka kama nimebeba mzigo.

Karakana ni chumba kirefu, mashine nne huku nne huku, vitambaa vya sare vimerundikwa katikati. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mama mrefu mwenye miwani. Msimamizi kando yake. Wasichana wanane kwenye mashine, wawili wanajiuma midomo wasicheke. Mume wangu hakungoja kuulizwa.

"Kosa ni langu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Mikanda nimeikaza kupita kiasi. Nilikuwa naipima kwa sikio, na masikio yangu yamechoka. Wiki ijayo nakwenda hospitali kupimwa. Leo nimekuja kuzilegeza. Zikilia baada ya hapo, mlete mwingine, na spana zangu nitamwachia."

Wale wasichana wawili wakatazama sindano zao. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika kisanduku kwa mikono miwili, na sijawahi kumwonea fahari mtu yeyote namna ile.

"Haya," bosi akasema. "Anza na hii."

Msichana akapisha, nikakaa mimi. Nikakanyaga. Ikalia mpaka wote wakashtuka. Mzee akapiga goti chini ya meza, akalegeza nati, akapandisha mota, akabonyeza mkanda kwa dole gumba. Akaweka kiganja. Akafumba macho, kayafumba kabisa, mbele ya watu wote wale. Hakunitazama.

"Kanyaga."

Nikakanyaga mpaka mwisho. Uso wangu niliugeuzia ukutani kwa makusudi.

"Bado kidogo," akasema. Na ni kweli ilikuwa bado, kwa mbali sana, hata bosi nadhani hakuusikia ule mlio. Akagusa nati kidogo. Kiganja tena, macho yamefumbwa.

"Hapo. Imenyamaza."

Ilikuwa imenyamaza. Sindano tu ndiyo iliyosikika ikitoboa hewa. Bosi akavua miwani akaifuta, akasema, "Zimebaki saba, Fundi," akaondoka kwenda ofisini kwake.

Nilikuwa najiandaa kuhamia mashine ya pili. Mzee akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Sasa niambie la tatu."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Jana ulisema hukusema kitu. Kisha umelala umenipa mgongo. Niambie."

Nikalisema polepole. Akatikisa kichwa, nilikuwa nimeinamisha uso tena. Nikalisema kwa sauti ya kawaida, na msichana mmoja akawasha mashine yake, akatikisa kichwa tena. Ndipo hasira zangu zikanipanda, nikasimama katikati ya karakana ile, nikampazia sauti mpaka cherehani zote zikasimama:

"Nimesema, usiponisikia wewe, mimi nitaongea na nani!"

Hakuna aliyecheka. Yeye alinitazama, mikono ina mafuta, jasho limemtoka, akanijibu taratibu kama mtu anayejibu jambo dogo tu.

"Na mimi. Nitakuwa nakutazama."

Kisha akachukua kigoda chake akakipeleka kwenye mashine ya pili, akanionyesha pedali.